Picha ya Jana Isifutwe Kabla ya Leo Kukamilika

Vijana wangu mnaotunza seva za watu huku Eastlands, leo nataka tuongee. Ninyi ndio mnaopigiwa simu Jumamosi jioni kwa sababu mashine ya zahanati pale Umoja Innercore imegoma. Hesabu za chama Buruburu ziko mikononi mwenu, na alama za wanafunzi Kayole, na akiba za madereva na makanga katika ofisi za Sacco za matatu. Seva zenyewe nyingi ni kompyuta zilizokwisha tumika ng'ambo, zimewekwa chini ya meza ya karani, na hakuna mhandisi mwingine atakayekuja zikianguka.

Nafurahi kuona wengi wenu mmeanza kuchukua picha ya mfumo mzima, si mafaili tu. Diski ikifa, aliye na mafaili peke yake ataanza upya kuweka Linux, programu, mipangilio, watumiaji na ruhusa zao, na wagonjwa wamepanga foleni. Aliye na picha ya urejeshi anawasha mashine kwa flashi, anaielekeza kwenye hifadhi, na mfumo unarudi kama ulivyokuwa. Hapo sina la kuwafundisha. Ninalotaka kuwaonya ni nafasi ya diski, na hasa zoea moja ninaloliona kila ninapopita: kijana anakuta diski ya nje imejaa, anafuta picha ya mwezi uliopita ili mpya ipate pa kukaa, kisha anaanza kuchukua mpya.

Tafadhali msifanye hivyo. Kati ya dakika ya kufuta na dakika ya kukamilika, mteja wako hana picha yoyote duniani. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa kwenye mashine kuukuu, na hizo ndizo saa ambazo diski iliyochoka inasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Ikiwa ina ugonjwa, utajitokeza hapo. Na stima yetu mnaijua. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, hata sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikakaa gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka. Kama uwanja wa ndege ulishikwa hivyo, kioski cha mtandao Dandora kitasemaje?

Siku chache baadaye, Toyota ilisimamisha viwanda vyake 14 vya Japani. Wengi walidhani ni wadukuzi. Kampuni ikaeleza baadaye kwamba tarehe 27 Agosti mafundi walikuwa katika matengenezo, wakifuta na kupanga data iliyojikusanya kwenye hifadhidata, nafasi ya diski ikaisha katikati ya kazi na mfumo wa kuagiza vipuri ukasimama. Seva za akiba zilikuwepo, lakini zilikuwa kwenye mfumo uleule, zikashindwa kwa sababu ileile. Hawakurudi kazini hadi data ilipohamishiwa seva yenye nafasi kubwa zaidi. Kampuni yenye fedha zote zile iliangushwa na diski iliyojaa. Kwa hiyo msione haya kuhesabu gigabaiti.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukitaka kubaki na picha mbili nzuri, panga nafasi ya tatu, kwa maana mpya lazima iandikwe na kuhakikiwa kabla ya ile kongwe kuondoka. Seva ikiwa imetumia GB 180, hesabu GB 540. Usijipunguzie kwa kusema picha itabanwa. Maandishi na hifadhidata hubanwa vizuri, lakini picha za JPEG, video za kamera za ulinzi na mafaili ya zip yamekwisha banwa tangu awali, hayatashuka tena. Na video za kamera zinatafuta nini ndani ya picha ya mfumo? Zitenge, zipewe nakala yake. Kwa kawaida mfumo mtupu wa seva ya Sacco ni mdogo. Kinachounenepesha ni vitu visivyo vyake.

Kabla ya kuanza, andika df -h uangalie kila kizigeu, si diski kwa jumla. Kisha df -i, kwa sababu mfumo wa mafaili unaweza kuishiwa na inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili, huku gigabaiti zikiwa tele. Ukiona df inasema diski imejaa na du haioni kilichojaza, tafuta faili lililofutwa ambalo programu fulani bado imelishikilia. Nafasi hairudi hadi programu hiyo izimwe au iwashwe upya. Punguza kumbukumbu za mfumo kwa journalctl --vacuum-size, ondoa vifurushi vya usakinishaji na kerneli za zamani. Fanya usafi huu wakati una utulivu, si wakati diski imefika asilimia 99 na mteja anakuchungulia begani.

Wengi wenu mnatumia Relax-and-Recover, ile tunayoiita ReaR. Ni chombo kizuri, lakini jueni kinapofanyia kazi. Hujenga vitu vyake ndani ya /tmp au /var/tmp, kutegemea toleo, na faili la ISO hulazwa /var/lib/rear/output kabla ya kunakiliwa kule ulikoagiza. Ukiamua data yote iingie ndani ya ISO, itakusanywa kwanza kwenye saraka ya kazi, kisha ISO iandikwe kando yake, yaani mzigo uleule mara mbili kwenye diski ya seva yenyewe. Kizigeu cha GB 20 hakitaweza. Elekeza TMPDIR mahali penye nafasi, au data iende moja kwa moja kwenye diski ya nje na ISO ibaki ya kuwashia tu. Pia hakikisha saraka unayohifadhia picha haimo ndani ya kinachopigwa picha. Nimeona picha iliyobeba picha ya wiki iliyotangulia, nayo imebeba ya wiki ya kabla yake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. ReaR ikikwama katikati, mara nyingi huacha saraka ya kazi yenye jina kama /var/tmp/rear. na herufi za ovyo mbele. Imekula nafasi, unataka kuifuta. Usikimbilie rm -rf. Huenda diski ya nje bado imeunganishwa ndani ya saraka hiyo, chini ya outputfs, na amri yako itashuka hadi huko na kufuta picha zote za zamani. Tazama kwanza kwa amri ya mount, tenganisha kilichounganishwa, halafu futa kwa rm -Rf --one-file-system, ili amri isivuke kuingia diski nyingine.

Kosa lingine linalofanana na hilo: skripti inaandika /mnt/bakapu kila usiku, lakini mtu wa usafi amechomoa waya wa diski ya nje. Saraka bado ipo, ila sasa ni saraka ya kawaida ya diski ya seva, na picha inaandikwa humo hadi mfumo unakosa pumzi. Asubuhi karani hawezi hata kuingia. Weka mstari mmoja tu mwanzoni mwa skripti, mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1, na usiku huo hautatokea. Na flashi mpya mkizinunua, kumbukeni nyingi huja na FAT32, ambayo haikubali faili moja kufika GB 4. Flashi ya GB 64 yenye mfumo huo itakwambia faili ni kubwa mno, hata ikiwa tupu.

Mlio na seva za Windows, hilo la kufuta kabla ya kukamilika linawahusu zaidi. Windows Server Backup ikitumwa kwenye folda ya mtandao, hubakiza nakala moja tu kwa kila mashine. Mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, na ikikatika katikati unaweza kukosa zote mbili. Ipe kila wiki folda yake.

Picha ikikamilika, piga sha256sum pale pale na uiandike mahali. Kisha irejeshe kweli kwenye mashine nyingine, angalau kila baada ya miezi michache. Kama unatumia Clonezilla, diski ya kupokea isiwe ndogo kuliko ya awali. Diski mbili zinazoitwa GB 500 kutoka kwa watengenezaji tofauti si lazima zilingane, na upungufu mdogo tu unatosha kukukwamisha siku ya shida. Ukisharidhika na mpya, ndipo ile kongwe ifutwe, na ifutwe kweli. Ndani yake mna namba za vitambulisho na maradhi ya majirani zenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haituruhusu kurundika habari za watu bila kikomo. Picha zinazotoka nje ya ofisi zifungwe kwa nywila.

Maana lazima moja itoke nje. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia nyumba za Mathare, maji hayakuuliza ipi seva na ipi diski ya akiba. Diski iliyo droo moja na seva itaondoka nayo. Mpe mwenyekiti moja, au ihifadhi ghorofa ya juu mtaa mwingine, mbili zikibadilishana zamu.

Najua mweka hazina atasema diski ya pili ni gharama. Mketishe, mwoneshe nafasi iliyobaki, mwambie chama kitakaa siku ngapi bila daftari la mikopo seva ikifa leo, na nani atayakumbuka malipo ya wanachama kichwani. Mwambie kwa heshima, lakini umwambie kabla ya mkutano wa bajeti, na ombi liwe kwa maandishi.