Mvua ni ya Wote, Mfereji Una Mwenyewe

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kusini mwa ziwa Kivu, na mvua hunyesha huko tangu mwezi wa Septemba hata mwezi wa Mei. Watu ni wengi, viwanja ni vidogo. Kule Kadutu nyumba zapandana mtelemkoni kama ngazi, hata paa la huyu hukaribia kuwa sawa na msingi wa yule. Ikinyesha mvua kubwa usiku, maji ya nyumba ya juu huishukia nyumba ya chini. Msingi wachimbika, ukuta wa udongo walowa, na wazazi hukesha wamewashika watoto wao, kwa kuwa ukuta uliolowa huanguka bila kutoa habari.

Asubuhi jirani wa chini apanda kwenda kulalamika. Mara nyingi hupewa jibu hili: "Ndugu yangu, je, mimi ndiye niliyeleta mvua? Mvua ni ya Mungu." Jibu hilo lapasa kupimwa vizuri, kwa maana lina ukweli ndani yake, na tena lina neno lililofichwa.

Ukweli wake ni huu: maji hutelemka. Kabla nyumba yo yote haijajengwa, mvua ilinyesha juu ya kilima na kushuka bondeni. Mtu anayekaa chini hawezi kumdai wa juu ageuze desturi ya maji. Hayo ni lazima ayapokee.

Neno lililofichwa ni paa. Tuseme paa la mabati lina urefu wa metre 8 na upana wa metre 5, yaani metre 40 za mraba. Mvua ya milimetre 30 ikinyesha, paa hilo hukusanya litre 1.200: ndiyo mapipa sita ya litre 200. Bila nyumba, maji hayo yangetawanyika kiwanjani pote, mengine yakinywewa na udongo na majani. Lakini paa likiinamia upande mmoja, au mfereji wa bati ukiwa na mdomo mmoja tu, mapipa yote sita hupigwa mahali pamoja. Mvua ilitoka mbinguni. Mdomo wa mfereji ulielekezwa na mtu.

Watu walitambua tofauti hiyo tangu zamani sana. Warumi, katika sheria zao za Mbao Kumi na Mbili, miaka ipatayo 450 kabla ya Kristo, walikwisha kuweka neno juu ya maji ya mvua yanayomdhuru jirani. Kitabu cha sheria cha Wafaransa cha mwaka 1804, ambacho Wabelgiji nao walikifuata muda mrefu, chasema katika kifungu cha 640 kwamba shamba la chini hupokea maji yanayoshuka yenyewe, pasipo kazi ya mkono wa mtu. Kisha katika kifungu cha 681 chaamuru kila mwenye nyumba atengeneze paa lake hivi kwamba maji yaanguke katika ardhi yake mwenyewe au njiani, yasimwagike kwa jirani.

Basi mwenye kuyakusanya maji ndiye mwenye kuyaongoza. Akiyaacha yabomoe nyumba ya mwenziwe, naye amekwisha kuonywa, hana budi kulipa hasara. Amri ya saba haimkatazi mtu kuiba tu. Yamkataza pia kuharibu mali ya mwingine.

Lakini mtu atauliza: "Na maskini afanye nini? Mtaro wa mawe na simenti ni mali nyingi." Swali hilo ni la haki, wala mtu hahukumiwi kwa jambo lisilo katika uwezo wake. Hata hivyo yako mambo yasiyodai fedha nyingi: kuchimba mtaro kando ya ua na kuupeleka penye mtaro wa njia, kuuzoa mchanga na takataka kabla ya mvua, kuweka pipa chini ya paa, kupanda majani yenye mizizi mingi ukingoni. Ajihadhari tu asichimbe shimo la kunyonya maji kwenye ukingo wa mtelemko mkali, kwa sababu udongo ulioshiba maji waweza kuporomoka wote pamoja. Umaskini humwondolea mtu deni la simenti. Deni la jembe laendelea kuwa juu yake.

Jirani wa chini naye ana wajibu wake. Asipande na panga kukata mfereji wa mwenziwe. Asingoje ukuta uanguke ndipo aseme. Aende wakati wa kiangazi, wakati udongo ni mkavu na mioyo imetulia, aseme: "Mzee, njoo uone maji yanapopita." Mwenye kuona hawezi tena kusema hakujua. Tena jirani wa chini atoe mikono yake, kwa kuwa mtaro mmoja huwalinda wawili. Wasipopatana, mkuu wa mtaa asikilize pande zote mbili.

Tena liko jambo linalosahauliwa na wengi. Yule aliyelalamika asubuhi, mara nyingi amekwisha kutoboa ua wake upande wa bonde ili maji yapite upesi. Yanakwenda wapi? Yaenda kwa mjane anayekaa chini yake, pamoja na maji ya nyumba mbili. Mtelemkoni karibu kila mtu ni wa chini kwa mmoja na wa juu kwa mwingine. Anayedai haki kwa kutazama juu, na aipime haki hiyo hiyo akitazama chini. Asipofanya hivyo, hakutafuta haki. Alitafuta tu kumsukumia mwingine hasara yake.

Kwa hiyo wenye nyumba wa mtelemko mmoja wautazame mtaro kama njia yao wote, wauchimbe kwa salongo tangu juu mpaka chini, kabla ya mvua ya Septemba. Na kila mmoja ajiulize maji yatokayo kwake yanafika kwa nani.