Anayejua Ndiye Mdeni

Watu husema zege limekauka, lakini zege halikauki kama nguo kwenye kamba. Simiti hushikana na maji, na mshikano huo huendelea kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu yake siku ya 28. Maji yakikimbia mapema, kazi hukwama njiani. Kwa macho utaona slabu ngumu kama nyingine, kumbe ngozi yake ni legevu, ina vitundu vya kupitisha maji na chumvi.

Binamu yangu anafanya mjengo Canada. Kule adui ni baridi: maji yaliyo ndani ya zege bichi yakiganda, hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kulivuruga kabla halijashika. Kwa hiyo hulifunika kwa mablanketi, kama mtoto. Sisi Chale adui wetu ni jua na upepo, na tunalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Iwe baridi, iwe joto, zege changa linataka mtu wa kukaa nalo. Mtu huyo ni nani, na anadaiwa na nani?

Tulimwaga slabu ya vyumba vya mama Januari, kaskazi ikivuma. Siku ya kumwaga ni kama sherehe: vijana wanapokezana makarai, kelele, chakula kwenye sufuria kubwa. Jioni kila mtu ameshalipwa, ameenda zake. Kesho yake amebaki mlinzi na slabu, basi. Maji matamu yanakuja kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 ni bob 20, na slabu yetu ilitaka mitungi 40 kwa siku. Siku saba ni shilingi 5,600. Bahari iko pale pale, bure.

"Dada, kwani maji si maji?" kijana mmoja aliniuliza kabla hajaondoka.

Hapana. Chumvi hupenya hadi kwenye vyuma, vyuma vikashika kutu, kutu ikatanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Angalia balkoni za zamani ufuoni, vyuma vinachungulia. Ila hayo huja polepole. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye zege, njia hiyo inaweza kuchukua miaka 15, na mwongo mwenyewe ashahama.

Plato, katika Jamhuri, ana kisa cha pete ya Gyges: ukiivaa huonekani. Je, mtu asiyeonekana ataendelea kuwa mwema? Sisi hatuhitaji pete. Plasta inatosha.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya sheria. Jengo lililoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, na kuua watu wapatao 50, lilikuwa tayari limetakiwa kubomolewa. Watu waliendelea kuishi humo. Simaanishi kwamba lilianguka kwa kukosa kumwagiliwa. Nasema tu kwamba amri ya karatasini haimwokoi aliyelala.

Pwani tuna neno zuri zaidi: amana. Shida ni kwamba amana ya kawaida ina mwenyewe, atakuja kuidai. Hapa mwenyewe hajulikani. Pengine ni mpangaji wa mwaka 2040, pengine ni mtoto ambaye hajazaliwa. Hakukuona ukimwagilia, hakukulipa, na hawezi kukushukuru.

Jibu langu ni hili: anayejua ndiye mdeni. Ukishajua chumvi inafanya nini, huwezi tena kusema maji ni maji. Na usidhani kutojua ni njia ya kuponea. Anayekwepa kuuliza ili asijue, ameshajua vya kutosha kuogopa jibu.

Lakini hapo ndipo pagumu. Mlinzi wetu alijua kuliko sisi sote, amefanya mijengo Ukunda miaka mingi. Alfajiri na jioni aliloweka magunia bila kuambiwa. Je, kama tusingemwachia pesa za mitungi? Ujuzi wake ungekuwa mzigo mtupu. Ukimpa mtu kazi ya siku saba na hela ya maji ya siku mbili, umeandika uongo na kumwachia yeye atie sahihi. Deni la anayejua huwa kubwa zaidi akiwa ndiye mwenye mfuko.

Wengi wetu tunapanga. Tunalala Roysambu, Kisauni, Diani, chini ya slabu za watu tusiowafahamu, na usingizi unakuja tu. Tumewaamini bila kuwaona. Siku utakapojenga wewe, hata kama ni choo cha nje kijijini, weka maji kwenye bajeti kabla ya vigae. Vigae wageni watavisifia. Maji hakuna atakayekuuliza.