Gari Likiharibika Njiani, Nani Amsubiri Mwenzake?

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kaskazini hujaa watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Wengine hupanda mabasi, wengine huendesha magari yao, na wengine hukodi Kosta kwa pamoja: wanakwaya, majirani wa mtaa mmoja, watu wa ukoo mmoja. Huchanga nauli, hupatana saa ya kuondoka, mmoja huomba, na safari huanza. Mpaka hapo wote ni ndugu. Undugu huo hupimwa gari likizima. Ndipo linapokuja swali ambalo Mkristo hawezi kulikwepa: je, mwenye uwezo wa kuendelea na safari anawajibika kumsubiri asiye na uwezo huo?

Mwaka mmoja nilikuwa katika safari ya namna hiyo. Tulikuwa abiria 26. Tulipita Segera, Korogwe na Mombo bila shida. Tulipoacha Mkomazi na kuikaribia Hedaru, mshale wa joto ulipanda, dereva akaegesha pembeni. Rejeta ilikuwa imetoboka, maji yote yameisha. Utingo alikata matawi akayapanga barabarani, mbele na nyuma ya gari. Ilikuwa saa nane mchana, na jua la tambarare ile chini ya milima ya Upare mnalijua. Fundi alipatikana kwa simu, lakini alisema rejeta lazima ifunguliwe na kupelekwa Same kuchomelewa. Maana yake ni kwamba tungefika nyumbani usiku sana, au kesho yake.

Katika muda wa saa moja kundi letu liligawanyika. Kijana mmoja alikuwa anawahi mazishi ya baba yake asubuhi iliyofuata. Alitueleza, tukamsimamishia basi, na watu wawili wakamwongezea nauli. Bwana mmoja na mkewe walisema wanakwenda kutafuta maji ya kunywa. Baadaye tukajua wamepata gari dogo na wameshaondoka. Wengine wanne walikuwa wawazi. Walisema wanataka kuendelea, ila kwanza warudishiwe sehemu ya nauli kutoka mfuko wa pamoja, nao ndio uliokuwa wa kumlipa fundi. Katika waliobaki kulikuwa na bibi mwenye miguu iliyovimba, mama mwenye watoto watatu, na wanafunzi wasio na shilingi ya ziada. Mama mmoja akaniuliza, “Baba Mchungaji, hivi kuondoka ni dhambi?”

Swali lake ni zuri, nalo lina pande mbili. Upande mmoja tunaambiwa kwamba kubaki hakuzibi rejeta. Watu 26 wakikaa juani hawamsaidii fundi kuliko watu 6. Kinyume chake, kila anayeondoka anapunguza idadi ya wanaohitaji maji na kivuli. Hoja hii si ya kudharau. Mungu hakutuagiza kuteseka kwa ajili ya kuonekana tumeteseka. Upendo usiomfaa jirani kwa lolote, bali unamfanya mwenye nao ajione mwema, ni kazi ya kujihesabia haki tu.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala alimwagiza Martin Luther naye aondoke. Luther alibaki. Lakini wachungaji wa Breslau walipomwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia mauti, hakuligeuza kubaki kwake kuwa sheria ya kila mtu. Alijibu kwamba kuokoa maisha si dhambi, na kwamba asiye na imani yenye nguvu asibebeshwe mzigo usio wake. Ila aliweka mpaka. Mwenye wajibu kwa wengine, kama mchungaji, kiongozi, mzazi au mtumishi, haruhusiwi kuwaacha. Vivyo hivyo jirani asimwache mgonjwa asiye na mtu mwingine wa kumtunza. Wengine wakitosha kwa kazi hiyo, aliyebaki yuko huru kwenda. Kwa Luther uamuzi haukutoka katika ushujaa wa anayebaki. Ulitoka katika uhitaji wa atakayeachwa.

Kwa kipimo hicho kijana wa mazishi alikuwa na haki kamili ya kuondoka. Wajibu wake mkubwa zaidi ulikuwa mbele, nasi tulioshiriki kumwondoa tulikuwa tunasafiri naye bado, ingawa tulikuwa tumekaa chini ya mti wa miiba.

Wale wanne wana jibu lao katika 1 Samweli 30. Daudi na watu 600 waliwafuatia Waamaleki walioteketeza Siklagi na kuwateka wake na watoto wao. Kwenye kijito cha Besori watu 200 walishindwa kuvuka kwa uchovu, wakabaki na mizigo. Wale 400 waliporudi na ushindi, baadhi yao walisema waliobaki wapewe wake zao na watoto wao tu, nyara wasipate kitu. Daudi alikataa. Aliamuru aliyekwenda vitani na aliyelinda mizigo wapate sawasawa, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Tazama kwamba Daudi hakuwalaumu 400 kwa kuvuka. Ilibidi wavuke. Alichokataa ni wazo kwamba aliyevuka hana tena ushirika na aliyeshindwa. Basi wale wanne wangeweza kuondoka kwa amani. Kosa lilikuwa kutaka kuondoka na fedha ya rejeta. Tulipochanga Dar es Salaam hatukununua kila mtu kiti chake, tuliahidiana kufikishana. Mwenye nguvu ya kuendelea anaweza kujitoa garini, lakini hawezi kujitoa katika ahadi na kuichukua pamoja na mfuko wake.

Katika sura hiyohiyo kuna mtu ambaye mara nyingi tunampita. Ni kijana Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki, aliyeachwa na bwana wake porini kwa sababu aliugua. Alikuwa siku tatu bila chakula wala maji. Watu wa Daudi walimlisha, naye akawaongoza hadi kambi ya adui. Waamaleki walimhesabu kuwa mzigo unaochelewesha safari, na huyo waliyemwacha ndiye aliyekuwa njia ya kuangamia kwao.

Kuhusu yule bwana na mkewe, nafikiri Matendo ya Mitume 27 inatosha. Merikebu aliyomo Paulo iko katika dhoruba, na mabaharia wanashusha mashua wakisingizia kwamba wanakwenda kutupa nanga. Paulo anamwonya akida kwamba hao wasipobaki, wengine hawataokoka. Mashua haikuwa dhambi. Lakini waliokuwa wanakimbia ndio pekee walioijua kazi ya merikebu, na kisingizio chao kinaonyesha kwamba walilijua hilo. Dhamiri ikiwa safi hatuhitaji kusema tunakwenda kutafuta maji. Tunaaga, tunaeleza, tunauliza nani anabaki na anahitaji nini, kisha tunakwenda. Uongo mdogo wa wakati wa kuondoka mara nyingi ni ushahidi kwamba moyo umeshajihukumu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama ni hili: kuondoka si dhambi, kumwacha mtu ndiyo dhambi, na mambo hayo mawili hayafanani. Mtu anaweza kuondoka bila kumwacha mwenzake, kama akimwachia maji, namba ya simu, fedha ya fundi na mtu wa kukaa naye. Na mtu anaweza kubaki mpaka mwisho huku amemwacha, akinung'unika kila dakika kwamba bibi mwenye miguu mibovu ndiye aliyemchelewesha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wala si kila aliyekuwepo wakati wa dhiki.

Wapendwa, sharika zetu nazo ni safari za kuchangiana. Tulianza pamoja, lakini wengine wamezimikiwa njiani: aliyefukuzwa kazi na sasa anaona haya kuja ibadani bila bahasha, mjane ambaye jumuiya ilimtembelea siku arobaini za kwanza tu, kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa mgonjwa. Hatuwezi wote kusimamisha maisha yetu kwa ajili ya kila mmoja, wala Kristo hajatuwekea sheria hiyo. Lakini kila mmoja anaweza kujiuliza kabla hajapita: huyu ana mtu? Kama anaye, mwombee na uendelee. Kama hana, basi zamu ni yako.

Na gari likipona, kuna kazi moja ya mwisho ambayo wengi huisahau. Yale matawi na mawe tuliyoyaweka barabarani yatatuokoa sisi mchana, lakini tukiyaacha yanaweza kumwua mwendesha pikipiki usiku. Wajibu wetu haukomi kwa wale tuliosafiri nao. Unamfikia hata yule anayekuja nyuma, ambaye hatutamwona kamwe. Mwondolee jiwe lako, ndipo upande gari.