Ute Mweupe Chini ya Mfuniko

Fundi akifungua mfuniko wa oili akakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, je, ana haki ya kutamka kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua? Nauliza haki, kwa sababu tamko hilo humgharimu mwenye gari fedha nyingi, naye hulipokea kama jambo lililokwisha kujulikana. Nashikilia kwamba haki hiyo hana. Ute ule unathibitisha jambo moja tu, kwamba maji yamekutana na oili. Hausemi yametoka wapi. Na maji yana njia mbili. Petroli yenyewe ikiungua huzaa maji, takriban lita moja kwa kila lita, na sehemu ya mvuke huo hupenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Injini ikipata moto wa kutosha, mvuke hutoka kupitia vali ya kupumulia na kurudishwa kwenye njia ya hewa. Lakini gari la safari fupi fupi katika baridi ya Njombe mwezi wa Julai huzimwa oili haijapata moto vizuri, na mvuke hugeuka matone chini ya mfuniko. Vali ikiziba, hali huzidi. Njia ya pili ndiyo inayoogopwa: maji ya rejeta kuvuja ndani kwa ndani.

Yatasemwa kwamba fundi mzoefu hutambua kwa jicho. Siudharau uzoefu, ila nauliza umejengwa na nini. Injini zinazoletwa gereji ni zile zilizokwisha kusumbua. Zenye ute usio na madhara ziko barabarani, wala fundi hazioni. Jicho lake limefundishwa na upande mmoja wa ushahidi.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Oili iliyochanganyika na maji hailindi beringi za krenki, na anayengoja ushahidi anaweza kuipoteza injini nzima. Ni kweli, lakini hapa tahadhari inachanganywa na hukumu. Wanafiqhi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kanuni hiyo haimkatazi mtu kujihadhari. Shaka inatosha kabisa kuliegesha gari. Haitoshi kufungua silinda hedi. Kati ya mawili hayo kuna maswali ambayo kila sababu huyajibu kivyake. Maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje? Weupe umefika kwenye kijiti cha kupimia oili, au uko kwenye mfuniko tu? Dawa ya kupimia gesi ya moshi, ikiwekwa mdomoni mwa rejeta, inageuka kutoka buluu kuwa njano? Hata buluu isiyobadilika haiisafishi gasketi, maana huenda maji yanapenya kwenye njia ya oili bila gesi kufika kwenye rejeta. Maabara inaweza kutafuta glaikoli, kiambato cha maji maalumu ya rejeta, ndani ya oili, lakini rejeta iliyojazwa maji matupu, kama zilivyo nyingi kwetu, haitaacha alama hiyo. Hapo rejeta itiwe presha injini ikiwa baridi, na geji iangaliwe kwa subira kama inashuka.