Jina Jipya, Deni la Zamani: Shirika la Ndege Hubaki Lile Lile kwa Lipi?

Shirika la ndege laweza kubadilisha jina, nembo, mmiliki na hata ndege zote, kisha kesho yake likarusha safari zile zile kwa saa zile zile. Je, ni shirika lile lile au ni lingine? Ushindani unapolazimisha mashirika kuungana, kuuzwa au kuzaliwa upya, marubani hulijadili swali hili kwa uchungu. Jibu lake ndilo linaloamua nani atabaki kazini, nani atalipwa kiinua mgongo chake, na nani atawajibika kwa abiria.

Wanafalsafa walilikabili kupitia merikebu. Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa mbao zilizooza na kuweka mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakashikilia kuwa ni ile ile, wengine wakakataa. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Thomas Hobbes alilikaza fundo. Kama mtu angezikusanya zile mbao kuukuu na kuunda merikebu ya pili, ipi kati ya hizo mbili ingekuwa ya Theseus?

Jibu la kwanza huliweka shirika katika mwili wake, yaani ndege. East African Airways, shirika la pamoja la nchi za Afrika Mashariki, ilianzishwa mwaka 1946 na ikasimama mwanzoni mwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Ndege zake nne aina ya Super VC10 zilirudi Uingereza, na baadaye zikageuzwa kuwa ndege za kijeshi za kuzijazia ndege nyingine mafuta angani. Mbao zilikuwa zile zile, lakini hakuna aliyedai kwamba jeshi la anga la Uingereza ndilo mrithi wa shirika lile. Zaidi ya hayo, mashirika mengi leo hurusha ndege za kukodi. Hata ndege za Air Tanzania zenye picha ya twiga zilikuwa mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, nayo kampuni ikizikodi. Mwili, basi, hautoshi.

Jibu la pili ni jina. Pan Am ya Marekani ilikufa Desemba 1991. Jina lake likauzwa, na mwaka 1996 kampuni nyingine kabisa ikaanza kuruka nalo. Upande wa pili upo mfano wa shirika lingine la Marekani, ValuJet. Mei 1996 ndege yake ilianguka katika vinamasi vya Everglades, Florida, na watu wote 110 waliokuwamo wakafa. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunua shirika dogo na kujiita kwa jina lake, AirTran. Jina laweza kudumu baada ya shirika kufa, na shirika laweza kudumu baada ya kulivua jina.

Jibu la tatu linatokana na mwanafalsafa John Locke, aliyefundisha kwamba mtu hubaki yule yule kwa mwendelezo wa fahamu na kumbukumbu. Kumbukumbu ya shirika imo kwa watu wake, na kwa marubani imeandikwa katika orodha inayofuata ukongwe wao kazini. Nafasi ya rubani katika orodha hiyo ndiyo huamua atarusha ndege ya aina gani, lini atakalia kiti cha kushoto cha kapteni, atachukua likizo mwezi gani, na kazi ikipungua nani ataondoka kwanza. Mashirika ya Marekani America West na US Airways yalipoungana mwaka 2005, orodha mbili zilipaswa kuwa moja. Mwamuzi alitoa uamuzi mwaka 2007, lakini marubani wa US Airways ya zamani waliukataa, wakaunda chama kingine, na mgogoro ukadumu kwa miaka mingi. Januari 2009, ndege iliyotua juu ya Mto Hudson mjini New York ilikuwa na jina la US Airways ubavuni, lakini redioni iliitwa Cactus, jina la mwito lililotoka America West. Kumbukumbu zina nguvu, ila chini ya jina moja zinaweza kuishi mbili zinazopingana, na zenyewe haziwezi kusema ipi ina haki.

Linabaki jibu la nne: shirika ni lile lile pale linapobeba dhima ile ile. Ubaya wa kuikwepa dhima ulionekana Italia. Septemba 2021 Kamisheni ya Ulaya iliamua kwamba mikopo ya euro milioni 900 iliyopewa shirika la Alitalia na serikali ilikuwa msaada haramu, lakini ITA Airways, kampuni mpya iliyochukua sehemu ya shughuli zake, haikuwa mrithi wake na haikupaswa kuirudisha. Mwezi uliofuata ITA ilinunua jina la Alitalia kwa euro milioni 90, ikaanza kazi kwa ndege zenye rangi za Alitalia na wafanyakazi chini ya theluthi moja ya wale wa zamani. Kisheria hilo liliwezekana. Kimaadili, kudai heshima ya jina huku mzigo wake ukikataliwa ni kujipinga.

Afrika Mashariki ilijifunza somo hilo kwa njia ndefu. Mkataba wa 1984 uligawa mali na madeni ya Jumuiya iliyovunjika: Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26, na kila nchi ikabebeshwa mafao ya raia wake. Hata hivyo, wastaafu wa Jumuiya nchini Tanzania waliendelea kudai haki zao mahakamani hata katika miaka ya 2000. Waajiri wao hawakuwapo tena, na ndege zilikuwa zimekwenda. Lakini jasho walilolitoa halikufutwa na kuvunjwa kwa mwajiri, maana dawa ya deni ni kulipa.

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Biashara isiyoruhusiwa kufa haiwezi kuzaliwa upya, na hakuna mwekezaji atakayenunua shirika linalozama ikiwa lazima abebe kila hasara. Kwa hiyo dhima zitenganishwe. Aliyekopesha kwa kutafuta faida alijua kuna hatari, naye anaweza kupoteza. Mfanyakazi aliyekatwa mshahara kwa ajili ya uzeeni, abiria aliyelipa nauli na familia iliyofiwa hawakuingia katika kamari hiyo. Madai yao yanapaswa kulifuata shirika popote litakapokwenda na kwa jina lolote litakalojiita.

Kipimo hiki kitahitajika zaidi siku zijazo, kwa kuwa majina mengi tayari yako chini ya mmiliki mmoja, kama British Airways na Iberia tangu 2011, na mengine hufufuliwa, kama Uganda Airlines, iliyofungwa mwaka 2001 na kuruka tena 2019. Anayelichukua jina la zamani kwa fahari achukue na amana zake. Asiyezitaka aanze na jina lake mwenyewe, na asidai historia isiyo yake.