Je, Ni Halali Kumlipa Mwizi?

Aliyeiba mbuzi akishikwa, mbuzi hurudi zizini. Siku hizi kuna wezi wanaoingia katika kompyuta za kiwanda kwa njia ya intaneti. Wananakili habari za siri, wanafunga kompyuta zisitumike, kisha wanadai fedha.

Mwaka 2019 waliifungia Norsk Hydro, kompani ya alumini ya Norwei. Wakubwa walikataa kulipa. Wafanyakazi wakarudia karatasi na kalamu, na hasara ilikuwa kubwa. Mwaka 2021 kompani ya nyama JBS ililipa dola milioni 11, ingawa viwanda vyake karibu vyote vilikuwa vimekwisha kuanza kazi tena. Ilisema inawakinga wateja wake.

Tusiihukumu upesi, aliyekabwa koo si mwizi. Lakini ilinunua nini? Ufunguo, ukipewa, unaweza kuujaribu mlangoni. Habari iliyonakiliwa hairudi kama mbuzi: mwizi anaahidi tu kwamba ameifuta, na fedha hiyo inamlisha mpaka kiwanda cha pili. Tena majina na mishahara ya wafanyakazi si mali ya mkubwa peke yake. Anapopatana na mwizi juu yake, je, wenyewe wameambiwa?