Soma Muktadha

Ukitaka kusikia Biblia ikisomwa kwa bidii Nairobi siku hizi, usingoje Jumapili. Ngoja saa tano usiku, wasee wakishakula na kununua bando, na mtu afungue Space kwenye X ya kuuliza kama Mungu wa Agano la Kale alikuwa mkatili. Hapo utasikia Kutoka, Hesabu na Waamuzi vikitajwa sura na mstari kuliko utakavyovisikia kanisani mwaka mzima. Na wanaovitaja zaidi ni wale wasioamini.

Mimi ni mmoja wao. Imani iliniponyoka nikiwa mwaka wa pili chuoni, karo ikanishinda mwaka wa tatu, na mathe hadi leo anashikilia kwamba hayo mawili ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Lakini kutoka chuoni kuliniacha na kiu ya darasa, ya mtu kuniuliza swali gumu na kungoja nijibu, na zile Space zikanipa hiyo. Ukiwa huna digrii, kumnyamazisha pasta mwenye digrii mbili mbele ya watu 300 ni raha ambayo sitajifanya sikuionja.

Upweke pia ulikuwepo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 750,000 waliosema hawana dini. Ni wengi, lakini mtaani huwaoni. Chama cha wasioamini kiliposajiliwa mwaka wa 2016, usajili wake ulisimamishwa miezi michache tu baadaye, ikabidi waende kortini. Kwa hivyo mtu akipata mahali pa kusema “siamini” bila kuwekewa mikono kichwani aombewe, anakaa hapo mpaka bando iishe.

Mchezo wenyewe una mistari yake ya kufungulia, kama drafti. Yuda alikufaje? Mathayo anasema alijinyonga, Matendo ya Mitume yanasema alianguka akapasuka. Nani alimchochea Daudi kuhesabu watu? Kitabu cha pili cha Samweli kinasema Mungu, cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinasema Shetani. Wakristo wana majibu yao, sisi tuna majibu ya majibu, na kila mtu anayajua kwa kichwa. Haya hayanishughulishi tena. Sijawahi kuona tumbo la Yuda likimbadilisha mtu maisha, awe wa upande gani.

Kinachonishughulisha ni neno moja, muktadha.

Chukua Zaburi ya 137. Ndiyo ile Boney M waliifanya wimbo wa dansi mwaka wa 1978, na mpaka leo ukipigwa harusini mashangazi wote wanainuka. Wimbo unachukua mwanzo wa zaburi, mateka wakilia kando ya mito ya Babeli, lakini haufiki mwisho. Mwishoni mtunzi anamwita heri mtu atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwaponda kwenye mwamba. Nimeusoma mstari huo kwenye Space mara nyingi, polepole, kisha nikanyamaza makusudi. Na kila mara sauti hutoka upande ule mwingine: “Buda, soma muktadha!” Kwamba hawa ni watu waliobomolewa mji na kuuliwa jamaa zao. Kwamba hicho ni kilio, si amri.

Ni jibu zuri, na ni la kweli. Shida ni kwamba kesho asubuhi msee huyo huyo ataweka kwenye stetasi yake Yeremia 29:11, ule ambao Mungu anawaahidi watu wake mema na siku za mbele, juu ya picha ya jua likichomoza, na hapo neno muktadha hulisikii. Mstari huo umo ndani ya barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli mwaka wa 597 kabla ya Kristo, na mstari unaoutangulia unataja miaka sabini. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa ugenini. Si mstari wa kuendea nao intavyu.

Babeli ni ile ile, mateka ni wale wale. Mkristo anadai muktadha kwenye zaburi na kuuacha kwenye barua. Mimi niliuacha kwenye zaburi na kuudai kwenye barua. Kwa miaka miwili niliuona unafiki mmoja tu, na haukuwa wangu.

Habari za Yeremia sikuzipata kwa kusoma Biblia, acha niseme ukweli. Ninaishi kwa kuandika: maelezo ya bidhaa, makala za tovuti za kampuni ndogo ndogo, na kodi ikikaribia, kazi za darasani za wanafunzi wa ng’ambo wanaoweza kumlipa mtu awaandikie. Mwanafunzi mmoja wa theolojia huko Marekani alihitaji kurasa nane juu ya Yeremia 29. Nikaketi siku tatu, nikasoma kila nilichopata, na mimi nisiyeamini nikamwandikia pasta mtarajiwa namna ya kulisoma neno la Mungu kwa uaminifu. Mnaweza kucheka. Kodi ililipwa.

Sasa Auntie. Si wa damu yetu. Ni rafiki wa mathe tangu wakiimba kwaya pamoja, na amenijua nikibebwa mgongoni. Binti yake alienda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Mwaka jana simu ikazimika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mtu hapa anajua habari za wasichana wetu walioko Ghuba, za wale wanaorudi na majeraha na za wale wanaorudi ndani ya sanduku, kwa hivyo hakuna aliyezitaja kwa sauti. Kwenye grupu la WhatsApp la ploti yetu, Auntie akaweka Yeremia 29:11. Hakuweka picha ya jua. Mstari tu, na chini yake jina la binti yake.

Ilikuwa saa saba usiku na nilikuwa nimetoka kwenye Space niliyochapwa vibaya. Nikaandika, pale pale mbele ya ploti nzima, kwamba watu huuelewa mstari huo visivyo, kwamba waliandikiwa watu walioambiwa wangoje miaka sabini, na wengi wao wakafia huko huko. Nikamalizia kwamba ni vizuri kusoma muktadha. Kisha nikalala, na nililala vizuri.

Asubuhi mathe hakuitikia salamu yangu. Nikafuta ujumbe, lakini ile alama ya ujumbe uliofutwa ikabaki chini ya jina langu kama doa la chai kwenye shati jeupe. Karibu kila mtu alikuwa ameshausoma. Auntie hakujibu kitu.

Najua utaniambia nini: ungenyamaza tu, mwache mama na mstari wake. Rafiki zangu Wakristo waliniambia hivyo, na hata wenzangu wawili wasioamini. Nimelifikiria sana, na silikubali lote. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Watoto walikuwemo. Baada ya Shakahola siwezi kusema kwamba namna mtu anavyosoma Maandiko ni siri yake na Mungu wake. Kuna mtu alifaa kupiga hodi kule na kusema hapana, sivyo. Na haya mabishano yetu ya usiku, pamoja na kelele na majivuno yake yote, angalau humzoesha mtu kushtuka akiona mwingine ameshika mstari mmoja na kuuinua kama rungu. Hilo nitalitetea popote.

Lakini Auntie hakuwa na rungu. Hakumwambia mtu afunge, auze shamba ama aache dawa. Na mimi sikuandika ili kumwokoa na chochote. Niliandika kwa sababu nilikuwa nimeshindwa mahali pengine na nilitaka kushinda kabla sijalala. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kuna siku nilitamani kingekuwa uongo, maana uongo ungekuwa rahisi kuuombea msamaha.

Zilipita siku kumi kabla sijaenda kwake. Nilimkuta mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikaanza ile hotuba niliyoipanga njiani, akanikata.

“Kwani ulidhani sijui ni miaka sabini?”

Sikuwa na jibu.

“Kaa.”

Nikakaa kwenye ngazi. Akaniambia kwamba binti yake alipokuwa anaondoka, alimwandikia sura yote kwa mkono akamtilia kwenye pasipoti. Si ule mstari peke yake. Sura ile, akasema, kabla haijafika kwenye ahadi, inawaambia wale mateka wajenge nyumba na wakae ndani yake, walime bustani wale mazao yake, waozeshe watoto, na wauombee amani mji uleule uliowakamata, kwa sababu ukikosa amani hata wao hawataipata. “Nilimwambia asikae huko kama mtu anangoja matatu. Ale vizuri. Ajue majirani. Ajifunze lugha yao.”

Kisha akaniuliza kama nilisoma sura ya 28. Nilikuwa nimeipitia haraka haraka, kwa ajili ya ukurasa wa tatu wa ile kazi ya Mmarekani.

“Hanania aliwaambia watu miaka miwili,” Auntie akasema. “Miwili tu, kila mtu na kila chombo kirudi nyumbani. Yeremia akamwambia anawadanganya watu. Sasa, ajenti aliniambia miaka mingapi?”

Nilikuwa nimeandika kurasa nane juu ya hao watu na hakuna mahali nilipomwona ajenti.

“Auntie, basi mbona ulituma ule mstari wa mbele peke yake?”

“Kwa sababu nilikuwa naogopa,” akasema. “Hiyo hukuisoma?”

Binti yake alipatikana wiki ya saba. Mwajiri alikuwa amemnyang’anya simu. Ninapoandika haya bado yuko huko, na ile miaka miwili imeshapita.

Bado naingia kwenye Space. Sijaokoka, na Auntie hajaniomba niokoke. Zaburi ya 137 siku hizi naisoma yote, kuanzia mitoni, mistari yote tisa, na nikimaliza hakuna anayekuwa ameangushwa, jambo linalowaudhi wenzangu. Lakini Kutoka 21 siiachilii, pale mtu anayempiga mtumwa wake haadhibiwi mtumwa akiishi siku moja au mbili, kwa sababu ni mali yake. Mtu akiniambia nisome muktadha, namwomba ausome yeye, kwa sauti, mistari kumi juu na kumi chini. Kuna muktadha unaoifanya habari iwe nzuri zaidi, na upo unaoifanya iwe mbaya zaidi. Ukiutaka mmoja, uuchukue na wa pili.

Siku ile kabla sijaondoka nilimwambia Auntie juu ya yule mwanafunzi, na pesa niliyolipwa, na kodi. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

“Na sasa ameshakuwa pasta?”

“Sijui, Auntie. Wakishalipa hawarudi.”

“Na alipata maksi ngapi?”

“Huwa hawatuambii.”

Akayamimina maharagwe kwenye sufuria, akanipa nikajaze maji.